Maji ya Bi Faidha

Siku Awadhi alipokubali nyumba yake iwe nyumba ya mfano, tangi lake lilikuwa na maji ya kulowesha soli ya kiatu tu. Hilo alilijua yeye, mkewe Ziada na binti yao Shamila. Wengine wote pale Mkunya waliamini tangi la Awadhi limejaa, kwa sababu lilikuwa na kufuli, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayefungia shimo tupu.

Aliyeleta habari ni Dickson, mtendaji wa kijiji. Alimkuta Awadhi uani akichambua korosho.

"Shikamoo, Baba Shamila."

"Marahaba, mtendaji. Karibu kiti."

"Sikai. Kuna msafara wa baiskeli unakuja. Watu kumi na wawili, wametoka Songea, wamepita Tunduru na Masasi, sasa wanapandia Chiwata waje Kitangari, halafu hapa kwetu, wamalizie Newala mjini. Kila wanapofika wanazungumza na watu habari za maji. Wanataka tuwaonyeshe nyumba moja iliyovuna mvua ikayatunza maji mpaka kiangazi. Kikao chetu kimechukua dakika mbili. Limetajwa jina moja."

Awadhi akatupa korosho mbovu kwenye tenga la korosho nzuri, wala hakuitoa. "Wanafika lini?"

"Jumatano. Utafungua tangi, utatumbukiza ndoo mbele yao, utaitoa imejaa, watapiga picha. Basi."

Mtu mwingine angesema palepale. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi: mtendaji, tangi limepasuka. Lakini Awadhi alikuwa na miaka saba ya kuheshimiwa kwa ajili ya lile tangi. Msiba ukitokea Mkunya, yeye ndiye wa kwanza kuitwa aje na ufunguo, maana maji ya kumwoshea maiti hayangoji foleni ya bomba la bondeni. Hivyo ndivyo mtu asiye shehe wala tajiri alivyokuja kukalishwa mkeka wa mbele. Kusema limepasuka ilikuwa ni kurudi mkeka wa nyuma, na Awadhi alikwisha kuuzoea wa mbele. Akasema, "Waambie karibu sana."

Kisa cha tangi kupasuka kilikuwa cha kijinga, na ujinga wenyewe ni wa mkulima wa korosho. Fundi alimwambia tangu mwanzo, "Huu mkorosho uko karibu mno, ukate." Awadhi akamtazama fundi kana kwamba ameambiwa amkate mama yake. Mkorosho uliopandwa na baba yake, unaotoa magunia mawili kila msimu, ukatwe kwa ajili ya shimo la saruji? Akasema kivuli chake kitayafanya maji yawe baridi. Mwaka jana mzizi ukapenya ukutani, mvua zote zikaingia juu na kutokea ubavuni. Mwezi wa saba alipofariki mzee mmoja wa kijiji, Awadhi alipata safari ya ghafla ya Masasi, na ufunguo akaondoka nao shingoni.

* * *

"Umekubali," Ziada alisema Dickson alipoondoka.

"Nimekubali."

"Hiyo ndoo wataitumbukiza wapi, Baba Shamila? Kwenye macho yako?"

"Tutalijaza."

"Kwa maji gani?"

"Ya bondeni. Leo Jumamosi, tuna siku nne. Ufa nitauziba kwa udongo wa kichuguu na majivu. Hata likishika maji siku moja tu, yatosha."

Ziada alimtazama mumewe. Alikuwa na maneno mengi, na mengine yalikuwa ya kweli kabisa. Lakini naye alikuwa Mama Shamila wa kwenye tangi, naye wanawake walimpisha akipita. Akainama akachukua ndoo. Aibu ile walikuwa wakiila sahani moja.

Kutoka Mkunya kushuka bondeni kwenye bomba ni saa nzima, kupanda ni zaidi, na foleni haina saa. Awadhi alibeba madumu manne kwenye baiskeli, akiisukuma mlimani kifua kikiwa juu ya usukani. Ziada na Shamila walibeba ndoo kichwani. Shamila alikosa shule Jumatatu na Jumanne, akaagizwa aseme alikuwa anaumwa tumbo.

"Mama Shamila, nanyi mmeshuka?" mwanamke mmoja aliuliza kwenye foleni. "Kwani tangi lina nini?"

"Tangi tunawatunzia wageni," Ziada alijibu, uso ameuelekeza ndani ya ndoo.

"Ndio uungwana huo. Mwingine angekunywa kwanza."

Wenzake wakaitikia, wakampisha achote mbele. Sifa ile ilimchoma Ziada kuliko tusi. 

Kila jioni Awadhi alichora mstari wa mkaa ukutani, mahali maji yalipofikia. Kila asubuhi aliukuta mstari umebaki juu peke yake. Walikuwa wakimwaga madumu kumi, yanabaki matatu. Saba yalikwenda kwa mkorosho, ambao msimu ule ulikuwa na majani mazuri kuliko yote kijijini.

* * *

Jumatano asubuhi Awadhi alijaribu ndoo. Ilifika chini ikalala ubavu, haikuzama. Yalihitajika kama madumu mawili zaidi, na wageni walikwisha pita Kitangari. Muda wa kushuka bondeni haukuwepo.

"Yapo madumu mawili hapo jirani," alisema bila kumtazama mkewe.

Ziada alielewa. "Hayo siendi kuyaomba. Nenda mwenyewe."

Jirani alikuwa Bi Faidha, bibi wa miaka themanini na kitu, mwenye mtoto mmoja, Mussa, mfanyabiashara wa Masasi. Aliyempikia, kumfagilia na kumwogesha ni Kurwa, mwanamke aliyeachika aliyekuwa na chumba nyuma ya nyumba. Chini ya kitanda cha Bi Faidha palikuwa na madumu mawili ya njano yaliyofungwa kitambaa cheupe, na juu yake furushi la sanda. Wazee wengi huweka sanda. Bi Faidha aliweka na maji, kwa sababu alizaliwa juu ya uwanda huu akajua kwamba sanda inaweza kupatikana siku yoyote, lakini maji mwezi wa kumi ni bahati. Kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha aliyamwagia mboga yale ya zamani, akajaza mapya. Kijiji kizima kilijua na kilimtania, na madumu yale hayakuguswa na mtu.

Kurwa alikuwa shambani akiokota korosho. Awadhi alimkuta bibi peke yake mkekani, akamwamkia, akakaa, akamwambia yote tangu mzizi mpaka ndoo kulala ubavu. Alisema kwa haraka, kama anayetema dawa chungu.

Bi Faidha alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo siku nne mmekuwa mnaunywesha mkorosho?"

"Ndiyo, bibi."

"Mwanangu, mficha uchi hazai. Waambie watu. Tangi kupasuka ni aibu ya mkorosho, si yako. Hiyo unayotaka kuifanya leo ndiyo itakuwa yako."

"Bibi, wako njiani. Watu wamekwisha kusanyika."

Bibi akamtazama kwa huruma. "Haya, yachukue. Lakini unirudishie kesho. Mie sina haraka, ila safari yangu haina miadi."

"Kesho, bibi. Naapa."

"Usiape. Lete maji tu."

* * *

Wageni waliingia saa saba mchana, wekundu kwa vumbi mpaka kope. Kiongozi wao, mama wa makamo aitwaye Ethel, alishuka kwenye baiskeli akachechemea hatua chache kabla miguu haijakumbuka kutembea. Walikuwa watu wa heshima, waliochoka kwa haki. Walimsalimia kila mzee mmoja mmoja. Hilo lilimzidishia Awadhi uzito moyoni, maana ni rahisi kidogo kumdanganya mtu mwenye kiburi.

Alifungua kufuli, akatumbukiza ndoo. Ikatoka nusu. Akatumbukiza tena, akivuta kamba ili ndoo iiname, ikatoka imejaa mpaka inamwagika. Watu wakapiga vigelegele, picha zikapigwa. Mambo yangeishia hapo kama Dickson asingechangamka.

"Wageni wetu wamekuja na vumbi lote la Chiwata. Baba Shamila, hatuwezi kuwaacha hivi. Wanawe hata miguu."

Awadhi akachota. Watu kumi na wawili, miguu ishirini na minne. Wakanawa nyuso, wakanawa shingo, na kijana mmoja akamiminia mnyororo wa baiskeli yake maji ya Bi Faidha. Yakatiririka mekundu mpaka kwenye shina la mkorosho. Awadhi aliyatazama yakinywewa na ardhi, tabasamu likiwa limemkauka usoni.

"Mama," Ethel alimwuliza Ziada, "siku hizi huteseki tena kushuka bondeni?"

Ziada alificha viganja ndani ya kanga. "Tunamshukuru Mungu."

Kisha Awadhi akapewa kipaza sauti, aeleze siri ya mafanikio yake. Watu wakatulia. Mstari wa mbele, kwenye kigoda, alikaa Bi Faidha na fimbo yake mapajani.

"Siri ni kutunza," Awadhi alisema. "Ukitunza, hukosi."

Siri ya mtungi muulize kata. Naye aliyeijua siri ile aliweka fimbo chini, akapiga makofi pamoja na wenzake. Awadhi akapewa fulana ya msafara, cheti kilichoandikwa Mlezi wa Maji, na katoni nne za maji ya chupa zilizobaki kwenye gari lao la mizigo. Jioni wageni wakaendelea na safari ya Newala. Maji ya tangini yakaendelea na safari yake ya ubavuni.

* * *

Alhamisi ghala la ushirika lilifunguliwa kupokea korosho, na Awadhi akapeleka zake. Foleni ilimweka mpaka magharibi.

"Maji ya Bi Faidha," Ziada alimkumbusha. Yeye mwenyewe alikuwa amelala, shingo haigeuki kwa ndoo za siku nne. Shamila alikuwa amerudi shule.

"Kesho asubuhi."

Ijumaa walikuja watu kutoka vitongoji vya mbali kutazama cheti. Ungewaachaje na kushuka bondeni? Awadhi alikaa barazani amevaa fulana, akaeleza tena habari za kutunza. Bi Faidha alipita na fimbo yake, akasimama kidogo njiani, akamtazama. Hakusema kitu mbele za watu. Awadhi akamwinulia mkono, kwa maana ya kesho.

Jumamosi asubuhi Kurwa alipompelekea bibi uji alimkuta ameshafariki.

Wanawake wakaingia chumbani, wakainama chini ya kitanda kutoa sanda na maji. Sanda ilikuwepo. Palipokuwa na maji palibaki alama mbili za mviringo kwenye vumbi.

Wanaume walikuwa wamekaa uani, na ukuta wa makuti hauzuii sauti. Walisikia yote. Walisikia Kurwa akiulizwa, akijibu kwamba hajui. Walisikia mwingine akisema, "Nani mwingine anaingia humu?" Wakasikia chumba chake kikipekuliwa, sufuria zikiburutwa, kisha, "Dumu la njano hili hapa." Dumu la njano lipo katika kila nyumba ya Mkunya. Kurwa alilia akisema ni lake. Mtu akasema kiangazi hiki watu wanauza maji, na mwenye njaa hachagui.

Awadhi alikuwa mkeka wa mbele. 

Mwalimu Fakihi, imamu, akainua mkono watu watulie. "Ya wizi tuyaache. Maiti hangoji. Awadhi, tupe ufunguo."

Mkono ulimpanda Awadhi kifuani, ukaushika ufunguo, ukabaki pale. "Mwalimu," alisema, "Bi Faidha alikuwa mama yangu. Maji ya tangini yamekaa muda mrefu. Mimi ninazo katoni nne za maji ya chupa nilizopewa na wageni. Nazitoa zote aoshewe."

Watu wakatazamana. Mzee mmoja akafuta macho. "Mungu akulipe, Awadhi," Mwalimu Fakihi alisema, na wengine wakaitikia. Hata mzee mwingine, aliyekuwa akimwonea wivu wa mkeka, alimshika bega.

Chupa tisini na sita zikafunguliwa moja moja. Kila kifuniko kilipokatika kilisikika uani, na baada ya muda wanaume wakaacha kuzungumza. Aliyezifungua nyingi zaidi ni Ziada, machozi yakimdondoka, na watu wakasema Mama Shamila ana uchungu sana na jirani yake. Kurwa hakuruhusiwa kuingia. Alikaa nyuma ya jiko, miguu ameikunja, akisikiliza wengine wakimwogesha bibi yake.

* * *

Mussa alifika kutoka Masasi adhuhuri. Wanaume wakalibeba jeneza mpaka makaburini, na kabla ya kulishusha Mwalimu Fakihi akasimama kusema yale yasemwayo siku zote.

"Ndugu zangu, kama yupo anayemdai marehemu, amwone mwanawe. Na kama yupo anayedaiwa na marehemu, naye aseme."

Husemwa, watu hunyamaza, kazi huendelea. Awadhi aliyasikia maneno hayo mara nyingi akiwa mstari wa mbele, hayakumhusu. Safari hii alihisi marehemu amegeuza shingo.

"Ananidai mimi," alisema.

Mussa akageuka. "Kiasi gani?"

"Madumu mawili ya maji."

Alisema mengine ameinamisha kichwa: tangi, mzizi, wageni, kesho na kesho. Hakulia, na hakuna aliyemkatisha. Dickson alitazama viatu vyake. Yule mzee aliyemshika bega aliufuta mkono kwenye kanzu, polepole, pengine bila kujua.

Mussa hakumtukana, ingawa Awadhi alitamani atukanwe. "Mama aliniambia kwenye simu," alisema. "Kwamba kuna mtu kaazima maji yake. Nikamwuliza nani, akasema ni mtu mzuri ila ana haya, nisimfuatilie."

Awadhi aliona afadhali kaburi lililochimbwa pale lingekuwa lake.

"Deni la mama nimelisamehe," Mussa aliendelea. "Lakini nimekuta nyumbani Kurwa anaitwa mwizi. Hilo si langu kulisamehe."

Akaingia kaburini kumpokea mama yake.

* * *

Kesho yake Awadhi alishuka bondeni alfajiri, akapanda na madumu mawili, akayapeleka kwa Kurwa. Alimkuta mlangoni akimenya mihogo. Siku zote Kurwa humwamkia akiwa mbali bado. Awadhi alisimama na baiskeli akingoja shikamoo. Haikuja.

"Nimekuletea maji," alisema.

"Nilikuagiza?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Jana nimesema ukweli mbele ya watu wote."

"Watu wote gani?" Kurwa hakupandisha sauti. "Makaburini walikuwa wanaume. Walionipekua ni wanawake. Walionitoa nje ili nisimguse bibi niliyemwogesha miaka minne ni wanawake. Wewe ulikuwa umekaa hapo uani unaombewa dua."

"Waume zao watawaambia."

"Wameshawaambia. Tangu jana jioni wanasema Awadhi ni muungwana, amejibebesha mzigo ili kumsitiri Kurwa." Akatupa muhogo kwenye sufuria. "Yachukue maji yako."

Aliyachukua. Kuyapitisha kijijini yakiwa yamejaa, kwa njia ileile aliyoyaletea, kulimtia haya kuliko jana. Ziada alimwona akirudi nayo. Ilipofika jioni akasema tu, "Kesho nitakuwa kwenye foleni."

Jumatatu foleni ilikuwa ndefu, ndoo zimepangwa mpaka kwenye mteremko. Wanaume wa baiskeli huwa na upande wao, huchota na kuondoka. Awadhi aliiacha baiskeli huko, akaja kusimama katikati ya wanawake. Ziada alikuwa miongoni mwao. Wenzake walimpisha kama kawaida yao, akakataa kupita mbele. Nyuma kabisa, ndoo yake ikiwa ya mwisho, alikaa Kurwa peke yake, watu wameacha nafasi kati yake na wao.

"Mama zangu na dada zangu," Awadhi alisema. Sauti ile ya Jumatano haikuwepo. "Tangi langu limepasuka tangu mwaka jana. Na yale maji ya Bi Faidha..."

Mwanamke mmoja akacheka, akaziba mdomo. Maji yaliendelea kutiririka ndooni japokuwa aliyekuwa akichota ameacha kutazama. Awadhi akaendelea mpaka mwisho, akalitaja jina la Kurwa, akasema hakuiba. Halafu akasubiri kuambiwa yamekwisha.

"Huku nyuma hatusikii," Kurwa alisema.

Awadhi akafuta uso kwa mkono wa fulana, akawageukia, akaanza tena tangu kwenye mzizi.